Bata Walioshuka Bondeni

Mama mkubwa Kokubanza hakuwa mtu wa kukaa akasimulia. Haya niliyapata kwake kidogo kidogo kwa miaka mingi, tukimenya ndizi au tukipepeta maharage, naye akisema jambo moja kisha akanyamaza mpaka mwezi mwingine. Nimeyapanga mwenyewe. Mume wake, Josia Karugendo, namkumbuka kidogo tu: mtu mrefu mwenye fimbo ndefu, anayetembea nyuma ya bata kwa mguu usiokunjika.

Karugendo alirudi kutoka vitani mwezi wa Februari mwaka 1946. Meli ilimshusha Bukoba asubuhi pamoja na askari wengine wa Keya, jeshi la Waingereza, akiwa na mfuko wa turubai, koti zito la jeshi, na mguu wa kushoto uliovunjwa na kombora huko Bama, walikopigana na Wajapani, ukaungwa vibaya. Wenzake watatu waliokuwa wanakwenda upande mmoja naye, Izimbya, walitaka kuondoka saa ile ile. Aliwaambia watangulie. Walidhani ni kwa sababu ya mguu. Kokubanza alisema haikuwa mguu tu. Hakuwa na haraka ya kufika.

Alikuwa ameacha mke mwenye mimba ya miezi mitano. Mtoto alizaliwa, akaitwa Buberwa, na habari zake zilimfikia baba yake kwa barua alizoandika katekista: ameota meno, amesimama, anakimbia. Kisha mwezi wa Mei 1944, wakati kikosi chao kikiwa bado kisiwani Sailoni kikingoja kupelekwa Bama, ikaja barua ya mistari mitatu kutoka kwa kaka yake, Mushumbusi. Mtoto amefariki kwa homa. Tumemzika kibanjani, kwenye migomba. Mama yake anakusalimu.

Siku zile, karibu na kambi yao, alikuwako mzee mmoja wa Kisailoni aliyechunga bata kwenye majaruba ya mpunga. Bata walikuwa kama mia mbili, na mzee alikuwa na fimbo ndefu kuliko nyumba, yenye kitambaa kwenye ncha. Akiishusha fimbo kulia, kundi lote linageuka kushoto. Karugendo, kila alipopata nafasi, alikwenda kukaa ukingoni kumtazama. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Mzee hakumwuliza kitu, na yeye hakutaka kuulizwa kitu. Aliondoka Sailoni na picha ile kichwani, akapigana nayo, akavunjika mguu nayo.

Kwa hiyo siku ile ya Bukoba, alipokuwa akikokota mguu kupitia mtaa wa Bilele, akaona bata kama kumi na watano wakitoka mto Kanoni kwa mstari mmoja na kuingia kwenye ua wa matete, alisimama. Mwenye bata alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Shamsia. Baba yake alitoka Pangani enzi za Wajerumani, akaoa Bukoba, asirudi tena pwani.

"Shikamoo, mama," alisema Karugendo.

"Marahaba. Umetoka Bama?"

"Bama."

"Pole sana, mwanangu. Kaa basi, mguu huo usisimame nao."

Alimpa kigoda na maji ya kunywa. Karugendo akaendelea kuwatazama bata. Mwishoni akamwuliza kama angeweza kupata wachache.

"Wa kula?" aliuliza Shamsia. "Ninyi Wahaya wa ndani huko bata hammli."

"Wa kuchunga."

Shamsia alicheka. "Bata hachungwi kama ng'ombe. Bata unamfungulia, jioni anarudi. Lakini ukimfungulia ovyo harudi. Sikiliza."

Akamweleza yote, na Karugendo, ambaye jeshini alizoea kushika amri kwa kusikia mara moja, aliyashika. Siku kumi za kwanza wasitoke kabisa, walale na kushinda ndani, wajue kwao ni wapi. Baada ya hapo wasifunguliwe alfajiri. Wafunguliwe jua likishapanda, wakiwa wameshataga, la sivyo mayai yatabaki majanini kuwa chakula cha kenge. Manyoya ya bawa moja yakatwe, moja tu, ili akitaka kuruka apinde na kuanguka. Kila jioni waitwe kwa kopo lenye punje za mtama, kopo lile lile, mlio ule ule. Na vifaranga walioanguliwa na kuku wasiachwe majini mpaka waote manyoya, kwa sababu kuku hana mafuta ya kuwapaka, watalowa na kufa kwa baridi.

"Na maji je?" aliuliza Karugendo. "Lazima wawe na mto?"

"Maji ya kuzamisha kichwa mpaka machoni yanawatosha. Lakini kama kuna bwawa karibu, watalijua tu. Wakilijua, kila siku watataka huko."

Karugendo alivua koti lake la jeshi akalikunjua juu ya mapaja. Shamsia alilishika, akalipima uzito, akaingia uani. Alitoka na majike wanne na dume mmoja, miguu imefungwa kwa kamba za migomba, ndani ya tenga. Karugendo alifika Izimbya siku ya pili jioni, tenga mgongoni.

Kokubanza alikuwa nje akianika kahawa. Alipomwona, alipiga magoti akamwamkia, "Kasinge, waitu," kama inavyompasa mke ambaye mumewe ametoka safari ndefu. Majirani walikuja, pombe ya ndizi ikaletwa, watu wakaimba. Mushumbusi alimkumbatia mdogo wake akalia kwa sauti. Kokubanza hakulia. Asubuhi yake alimpeleka Karugendo nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akamwonyesha kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe.

"Ni hapa," alisema.

Walisimama. Karugendo aliuliza, "Homa ilimshika siku ngapi?"

"Haikuwa siku nyingi," alisema Kokubanza, akaondoka kwenda jikoni.

Kabla ya vita alikuwa akimwita mumewe kwa utani na majina mengi. Katika barua, baada ya mtoto kuzaliwa, alimwita Baba Buberwa. Sasa alimwita Josia, jina la ubatizo, kama mwalimu anavyosoma majina kanisani.

Kibanda cha bata Karugendo alikijenga mwenyewe ubavuni mwa nyumba, kuta za fito na udongo, mawe yamepangwa kuzunguka chini ili nguchiro asichimbe. Siku kumi zilipita. Siku ya kumi na moja, jua likiwa juu ya migomba, alifungua mlango akiwa na fimbo ndefu ya mwanzi yenye kitambaa. Kokubanza alikuwa mlangoni.

"Unawapeleka wapi?" aliuliza.

"Bondeni. Kwenye shimo letu la matofali. Kuna maji pale siku zote."

Kokubanza alirudi ndani.

Shimo la matofali Karugendo na Mushumbusi walilichimba mwaka 1938, walipokuwa wakifyatua matofali ya kujengea nyumba hii hii. Udongo wa pale ulikuwa mzuri, mwekundu na wa kunata, nao wakachimba mpaka kufikia kimo cha mtu. Matofali yalipotosha waliliacha wazi. Kijito cha bondeni kikapata njia, kikaingia, na shimo likawa kidimbwi chenye kingo zilizosimama wima upande mmoja. Matete yaliota. Konokono na vyura walijaa. Kwa bata palikuwa karamu.

Karugendo alishinda huko kila siku. Asubuhi aliwapitisha chini ya migomba, mahali ambapo mwewe hawezi kupenya. Wakitokea penye uwazi aliwaharakisha kwa fimbo. Mwanzoni alifanya makosa. Jike mmoja aliatamia kwenye matete, yeye akamwacha, na kenge akala mayai yote kumi na moja na kuacha maganda. Mwingine alibebwa na fisi maji mchana kweupe, Karugendo akiwa amesinzia. Tangu siku hiyo hakusinzia tena. Alichimba mashimo madogo ya kutagia ndani ya kibanda akayatandika majani makavu ya migomba. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa na bata kumi na tisa.

Watu walimcheka. Mwanamume aliyekwenda kupigana na Wajapani, walisema, amerudi kuwa yaya wa ndege. Hakuna aliyekula mayai yale pale kijijini. Aliyapeleka misheni na mengine mjini. Mushumbusi alikuja mara moja kumwambia aache.

"Lima kahawa kama watu wengine," alisema. "Kama mguu unakusumbua, nitakupa mtu wa kukusaidia palizi."

"Kahawa naipalilia. Bata wanakukera nini?"

Mushumbusi alitazama chini kuelekea bondeni. "Hawanikeri," alisema, akaondoka bila hata kunywa maji.

Kitu kimoja Karugendo alikiona bila kukielewa. Kijito kilikuwa karibu, mwendo wa kumaliza kuimba wimbo mmoja, lakini Kokubanza alichota maji kwenye chemchemi iliyo ng'ambo ya kilima, akipanda na kushuka na mtungi kichwani mara mbili kwa siku. Karugendo alidhani ni bata wanaochafua maji. Akamwambia kwamba juu ya kidimbwi kijito ni safi, anaweza kuchota huko. Kokubanza akajibu kwamba amezoea ya chemchemi. Tena, alipokwenda shamba la upande wa bonde, alilima akiwa amelipa bonde mgongo, hata kama jua lilimpiga usoni.

Mwezi wa Julai 1947 mguu ulivimba, akalazimika kwenda hospitali mjini. Alimwachia mkewe maagizo: wafungulie jua likipanda, usiwafuate kama huwezi, watakwenda wenyewe, jioni piga kopo. Alilazwa siku tatu. Siku ya nne alirudi amepakiwa kwenye lori la kahawa mpaka njia panda, akamalizia kwa miguu. Alipokaribia nyumbani hakusikia bata. Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa kwa kamba, ukazungushwa kamba nyingine juu yake. Alipoukata, joto na harufu vilimpiga. Dume alikuwa amekufa, na majike wanne. Waliobaki walikuwa wamelala wameachama midomo.

Aliwabeba mmoja mmoja mpaka kwenye karai la maji. Kisha akaenda jikoni.

"Nani alifunga mlango?"

"Mimi," alisema Kokubanza. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

"Nilikwambia uwafungulie."

"Nilikusikia."

"Hata maji hukuwapa. Siku nne, Kokubanza. Kwa nini?"

"Niliogopa nikifungua mlango watanipita. Hawaendi tena kule."

"Kule wapi?"

"Kule unakowapeleka kila siku. Unakaa pale, unakula pale, unarudi na matope ya pale miguuni unaingia nayo ndani ya nyumba yangu."

Karugendo alikuwa ameshika fimbo. Kokubanza aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alifikiri atapigwa, na kwamba hakujali.

"Ni bata," alisema Karugendo. "Wanapenda maji. Nifanyeje?"

"Mtoto naye alipenda maji."

Kisu kilisimama kwenye ganda la ndizi. Akamweleza hapo hapo, kwa sauti ile ile. Ilikuwa Machi, mvua zimeanza, wanapanda maharage katikati ya migomba. Alimkalisha Buberwa kwenye mkeka, akampa hindi la kuchoma. Akapanda mstari mmoja, akageuka kumwona, yupo. Akapanda wa pili. Alipoinua kichwa mkeka ulikuwa mtupu. Siku hizo mtoto alikuwa anapenda kufuata vyura. Aliita kwanza kwa kawaida, kisha akakimbia. Kitu alichokiona kwanza bondeni ni lile hindi, linaelea.

Karugendo aliketi chini, mguu mbovu umenyooka mbele yake. 

"Barua ilisema homa," alisema.

"Homa ni ya Mushumbusi. Mimi sikuulizwa."

Kesho yake alikwenda kwa kaka yake. Mushumbusi alimwona akija, akasimama kumngoja katikati ya kibanja, mundu mkononi.

"Amekwambia," alisema Mushumbusi.

"Kwa nini uliniandikia uongo?"

"Ulikuwa unakwenda kupigana. Ningekwambia nini? Kwamba mtoto wako amefia kwenye shimo tulilochimba mimi na wewe? Mara ngapi baba alituambia tulifukie? Ulisema kesho. Mimi nikasema kesho. Ukaenda vitani, nikabaki nalo peke yangu. Nikasema, akirudi hai nitamwambia. Ulivyorudi na wale bata nikakuona unacheka nao kule chini. Nikashindwa."

Karugendo alikuwa amekwenda na maneno mengi, lakini hilo la shimo hakuwa amelifikiria. Usiku kucha alikuwa ameona maji tu, hakuona mikono iliyochimba. Aligeuka akarudi nyumbani bila kuaga.

Karugendo alijaribu kulifukia shimo. Kazi haikuwezekana, kijito kiliubeba udongo kila alipoumwaga, na mtu mmoja, tena kilema, hakuweza kukigeuza kijito. Basi Karugendo akaanza kujenga uzio. Siku ya kwanza alikuwa peke yake akichimbia nguzo. Siku ya nne Mushumbusi alishuka na shoka na mzigo wa fito, akaanza upande wa pili. Ndugu hao walifanya kazi wiki tatu, na kwa jinsi Kokubanza alivyowasikia kutoka juu, hawakusema zaidi ya "shika hapa" na "vuta." Uzio ulikuwa wa nguzo na matete yaliyosukwa, mrefu kufikia kifua, umezunguka kidimbwi chote. Karugendo alichimba kijidimbwi kingine karibu na nyumba, kina cha kiganja tu, akakijaza maji ya kuoshea vyombo na ya mvua.

Bata hawakukubali. Kila alipofungua mlango walijipanga na kufuata njia ya bondeni, na kila siku ilibidi awatangulie, asimame katikati ya njia na fimbo yake, awageuze kwenye migomba. Walikula konokono na minyoo huko, wakasafisha mashina ya migomba mpaka Mushumbusi akaomba wapitishwe kwake pia. Lakini walikuwa wakisimama ghafla, vichwa juu, wakielekea bondeni. Ilimbidi asiwape mgongo hata kidogo. Mvua ikinyesha alisimama pale. Jua likiwaka alisimama pale. Kokubanza alimwona kila alipoinua kichwa kutoka kwenye kazi yake, mtu na fimbo, kati ya ndege na maji. Hakumpelekea chakula. Baadaye alianza kumpelekea, akamwekea kwenye jani la mgomba hatua kadhaa nyuma yake, na kurudi juu. Hawakuwa wamepatana. Walikuwa watu wawili wenye jambo moja, na hawakujua kulibeba pamoja.

Mwaka 1950 masika yalikuja vibaya. Kijito kilifurika siku mbili mfululizo, kikang'oa nguzo za upande wa juu na kulaza matete. Siku hizo hizo Karugendo alishikwa na malaria. Alikuwa amelala, anatetemeka, hajui asubuhi wala jioni. Kokubanza alitaka kuwaacha bata ndani, lakini alikumbuka wale watano waliokufa kwa kiu. Akafungua mlango, akafikiri atawasimamia mwenyewe. Alichukua fimbo, lakini hakujua kuishika. Aliishusha upande usiofaa, na kundi lote likampita mbio, kumi na wanane, wakipiga kelele, likateremka bondeni.

Alisimama juu, akapiga kopo, hawakurudi. Kulikuwa na ukungu wa mvua na hakuwaona tena, alisikia tu mabawa yakipiga maji. Miaka sita alikuwa hajaikanyaga njia ile. Aliniambia alihesabu hatua kwa sauti ili asifikiri.

Maji yalikuwa mekundu na yalikuwa yamepita kingo, hakuna aliyeweza kusema shimo linaanzia wapi. Bata walikuwa katikati. Kenge mkubwa alikuwa upande wa pili na mmoja mdomoni, tayari amekwisha. Kokubanza alipiga kelele, akapiga kopo, akapiga maji kwa fimbo. Hawakusogea. Basi akajifunga kanga kiunoni, akaingia, akipapasa kwa fimbo mbele ya kila hatua. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani, kisha fimbo ikazama yote na akajua kwamba pale ndipo ukingo ulipo.

"Nilisimama pale," aliniambia. "Nilitaka kujua ni baridi kiasi gani."



Baadaye alinyoosha fimbo juu ya maji, taratibu, kitambaa kikaning'inia nyuma ya kundi, na bata wakageuka. Walitoka mmoja mmoja na kumpita miguuni. Aliwapandisha mpaka kibandani, akawahesabu wakiingia, kisha akaingia alimolala mumewe, maji yakimtiririka.

"Baba Buberwa," alisema, "nimewarudisha. Wawili hawapo."

Karugendo alikuwa macho. Aligeukia ukutani, na Kokubanza akaona mgongo wake ukitikisika, akajua si malaria. Akaketi kwenye kitanda, nguo mbichi zikiwa mwilini, akalia naye. Walilia muda mrefu, kila mmoja akitazama upande wake.

Sitaki kusema kwamba siku ile ilitengeneza kila kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema hivyo. Hawakupata mtoto mwingine. Uzio ulijengwa upya. Walianza kumtaja Buberwa kwa jina, mara moja moja, jinsi alivyocheka, jinsi alivyoshika kikombe kwa mikono miwili. Karugendo aliuliza na Kokubanza alijibu, na yapo maswali ambayo alikataa kuyajibu. Mushumbusi alikuja Jumapili baada ya ibada, wakanywa chai, akaondoka mapema.

Mguu haukupona. Mwaka 1954 ulianza kutoa usaha kutoka ndani ya mfupa, daktari akataka kuukata, Karugendo akakataa. Alifariki mwezi wa Agosti, akiwa na miaka thelathini na tisa. Alizikwa kwenye migomba, karibu na mwanawe.

Kokubanza akaendelea na bata peke yake. Kufikia wakati huo watu walikuwa wameacha kucheka, na wanawake wa vilima vya jirani walianza kuja kutaka bata wa mbegu. Aliwapa bure, pamoja na maelezo yote: siku kumi ndani, jua likipanda, bawa moja, kopo moja. Ila kwanza aliuliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo, na kama kuna maji karibu. Kama vyote viwili vilikuwapo, alikwenda mwenyewe kutazama uzio.

Mwanamke mmoja, Alistidia, alikuja na mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea tangu asubuhi. Kokubanza alirudi naye mpaka kwake, akakuta kisima kimefunikwa kwa fito tatu.

"Mtoto hawezi kufika huku, mama," alisema Alistidia. "Nakuwa naye muda wote."

"Muda wote," alisema Kokubanza. "Jenga kwanza. Ukimaliza, njoo uchukue."

Alistidia alikasirika, akasema mbele ya watu kwamba mjane wa Karugendo ana roho mbaya na hataki wenzake wapate. Hakurudi kuchukua bata. Kokubanza alisikia yaliyosemwa. Wiki ile ile alimtuma Mushumbusi kwa Alistidia na mzigo wa nguzo, akakifunga kisima kile pande zote, na hakuna aliyeshukuru.

Mwaka 1958 ugonjwa wa ndege ulipita Izimbya. Kuku walikufa kwanza, kisha bata wakaanza kulegea shingo. Kwa siku sita Kokubanza alichimba mashimo, bata wote wakaisha. Ndugu zake wa Muleba, mama yangu akiwa mmoja wao, walimwambia ahamie kwao, na mama akaahidi kumtafutia bata wengine Bilele, kwa binti za Shamsia. Alikuja Muleba. Bata aliwakataa.

"Nimewasimamia vya kutosha," alisema, akaomba aonyeshwe mahali pa kulala.